Kamera Inapita Mezani: Filamu za Nyumbani za Vyama vya Wayahudi Wahamiaji

Fungua kopo la filamu ya nyumbani lililotoka kwa familia ya Kiyahudi ya Brooklyn au Bronx, la miaka ya 1930 hadi 1950, na huenda ukakutana na picha hii: meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, kamera inapita taratibu kutoka uso hadi uso, mzee mmoja anainua glasi, mwingine anajiziba kwa leso, mama mmoja anampungia mpiga picha mkono aende zake. Dakika nne, basi. Hakuna sauti wala maandishi, na hakuna jina hata moja. Wajukuu wakiiona husema ni sherehe ya zamani, wakairudisha kabatini.

Mimi nashikilia kwamba filamu hiyo ni daftari la mahudhurio. Aliyeshika kamera hakuwa akitafuta picha ya kupendeza. Alikuwa akihakikisha kila aliyefika ameonekana, ndiyo maana kamera haikai kwa mtu mmoja, na ndiyo maana kwenye pikniki watu hupangwa mstari wakaambiwa watembee kuelekea kamera mmoja baada ya mwingine. Ukiitazama kama burudani itakuchosha. Ukiitazama kama daftari, kazi yako inajulikana: kurudisha majina kwenye nyuso, na kuitunza filamu yenyewe ili kazi hiyo iwezekane.

Kwanza, waliokaa mezani ni akina nani. Tangu miaka ya 1880 hadi 1924, mwaka ambao sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani ilifunga mlango, Wayahudi wa Poland, Lithuania, Belarus, Ukraine, Romania na Galicia walimiminika New York na miji mingine, na karibu kila mji waliotoka ulizaa chama chake huko ng'ambo. Kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, vyama hivyo huitwa landsmanshaftn. Ni vyama vya kufa na kuzikana, vya watu wa kwetu. Mwanachama alitoa ada. Akiugua, alipewa posho ya wiki. Chama kilikuwa na daktari wake, aliyelipwa kwa hesabu ya wanachama, na mara nyingi kilikopesha bila riba. Zaidi ya yote kilinunua ardhi makaburini, kama pale Mount Hebron katika Queens, kikajenga lango lenye jina la mji, mwaka na majina ya viongozi, ili mtu azikwe kati ya majirani zake wa zamani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 vyama vya aina hii vilikuwa zaidi ya 2,000 katika jiji la New York peke yake.

Vyama hivyo vilikutana kwa karamu ya mwaka, kwa kuapisha viongozi wapya, kwa pikniki ya kiangazi, kwa safari ya meli kupanda Mto Hudson hadi Bear Mountain, kwa kuingiza Torati mpya sinagogini, na kwa kuzindua lango la makaburi. Baada ya 1945 likaongezeka kusanyiko ambalo hakuna aliyelitaka: kumbukumbu ya mwaka ya mji uliofutwa na Wanazi, pamoja na mishumaa sita kwa Wayahudi milioni sita waliouawa, na baadaye mnara wa jiwe makaburini wenye jina la mji ambao watu wake walikuwa wameuawa karibu wote.

Mwenye kamera alikuwa mwanachama mmoja aliyejaliwa kipato kidogo, labda mwenye duka la manyoya au kiwanda cha nguo. Kamera ilikuwa yake, filamu kainunua yeye, na projekta ilikuwa sebuleni kwake. Jambo hili lina matokeo yake. Vyama vilipovunjwa, karatasi nyingi za ofisi zilikusanywa na YIVO, taasisi ya utafiti wa maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, iliyoanzishwa Vilna (Vilnius ya leo) mwaka 1925 na kuhamia New York mwaka 1940. Daftari za mihutasari, mihuri na mabango vilifika huko. Filamu hazikuwa mali ya chama, kwa hiyo nyingi zilibaki nyumbani kwa aliyezipiga, kisha kwa mtoto wake, kisha kwenye dari la nyumba ya mjukuu huko Florida, ambako joto huzimaliza.

Ukilishika kopo, anza na upana wa filamu. Filamu ya milimita 16 iliingia sokoni mwaka 1923, ya milimita 8 mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Rangi ya Kodachrome ilianza mwaka 1935 kwa milimita 16 na mwaka uliofuata kwa milimita 8. Kwa hiyo karamu ya Kodachrome haiwezi kuwa ya 1928, hata shangazi aape. Filamu za Kodak za milimita 16 na 8 zilitengenezwa kwa asetati, ile iliyoitwa filamu salama, tangu mwanzo. Ukikuta ya milimita 35 ndani ya kasha hilohilo, simamisha kazi hapo: inaweza kuwa nitrati, ambayo huwaka kwa urahisi na moto wake hauzimiki kwa maji. Iweke peke yake mahali penye ubaridi na umtafute mtaalamu.

Jambo la pili ni kwamba filamu hizi hazina negativu. Ni filamu za kugeuza: kipande kilekile kilichokuwa ndani ya kamera siku ya pikniki ndicho kilichosafishwa na kuonyeshwa ukutani. Ukikikwaruza, umekwaruza cha pekee duniani. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutoiingiza filamu ya zamani kwenye projekta ya zamani "kuona kuna nini". Meno ya projekta yametengenezwa kwa matundu ya ukingoni mwa filamu yaliyopangana kwa umbali kamili, na filamu iliyosinyaa haikai humo. Hupasuka matundu, hukwama, na taa huyeyusha fremu kwa sekunde moja.

Kusinyaa kunapimika kwa rula. Kwenye filamu mpya ya milimita 16, tundu hadi tundu ni milimita 7.62, hivyo nafasi 100 za matundu ni milimita 762. Ikunjue filamu bila kuivuta kwenye meza safi, hesabu nafasi 100, upime. Ikipungua milimita 6, imesinyaa kama asilimia 0.8, na hapo projekta ni marufuku. Ikipungua milimita 15, imefikia asilimia 2, na hata skana nyingi zenye meno zitaikataa. Itafutie mashine isiyo na meno, inayoivuta kwa magurudumu laini na kutambua matundu kwa mwanga.

Kinachosinyaza ni siki. Asetati ikipata joto na unyevu huachia asidi ya asetiki, na asidi hiyo huharakisha uozo uliouzaa, hivyo hali ikishavuka mpaka huenda kwa kasi. Pua itakujulisha, lakini kwa kuchelewa. Bora ni vipande vya karatasi vya A-D, vinavyotengenezwa na taasisi moja ya Rochester inayochunguza uhifadhi wa picha. Weka kipande kimoja ndani ya kopo, lifunge, liache saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Kikibaki bluu, filamu ni nzima. Kikiwa kijani, uozo umeanza. Kwenye kipimo cha 1.5, katikati ya mizani ya 0 hadi 3, ndipo kasi inapopanda, na filamu ya kiwango hicho isisubiri bajeti ya mwaka ujao. Yenye siki itenge na nzima, kwa sababu mvuke wake huziambukiza nyingine zilizo kwenye kabati moja. Kopo lake lisizibwe kabisa, lipumue. Hili linawahusu pia wenye Super 8 za harusi za miaka ya 1970 huko Mombasa au Unguja: joto la pwani na unyevu wake ndivyo hasa siki inavyotaka.

Kushika filamu si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Nawa mikono, vaa glovu za pamba zisizotoa nyuzi, ishike kwa kingo mbili tu. Upande unaong'aa ni plastiki, upande uliofifia ni wenye dawa, na huo ndio usioguswa. Tumia vizungushio viwili vya mkono vya kuviringishia filamu na meza ya mwanga, usiburute filamu sakafuni. Viungo vya zamani vilivyoshikwa kwa gundi huachia, kwa hiyo pita kila kiungo kwa kidole polepole, na kilicholegea ukishike kwa utepe maalumu wa filamu, sio selotepu, ambayo gundi yake hutiririka na kushikamanisha mizunguko ya jirani. Maji yasiiguse. Ukungu ukiwa umeota, usiufute kwa kitambaa chenye unyevu, maana unasugua dawa iliyokwisha kulainika pamoja na picha iliyomo.

Usikate kitu. Hapa wengi wenye nia njema ndipo wanapoharibu. Familia zilikuwa zikiunganisha roli ndogo kwenye rili kubwa ya futi 400, ambayo kwa milimita 8 ni dakika 33 kwa kasi ya fremu 16 kwa sekunde, na kwa milimita 16 ni dakika 16 na sekunde 40. Ndani yake pikniki ya 1938 inaweza kufuata harusi ya 1951. Mtu akiona hivyo hupata hamu ya kupanga upya. Aiache. Kila kiungo ni ushahidi wa jinsi mwenyewe alivyopanga na kile alichokiondoa. Mpangilio mpya ufanywe kwenye nakala ya kompyuta.

Mipaka ya roli ndani ya rili hizo inaonekana kama unajua pa kutazama. Roli ya futi 100 ya milimita 16 ina fremu 4,000, sawa na dakika 4 na sekunde 10. Mwanzo na mwisho wake huwa na mwako mweupe au wa rangi ya chungwa, pale mwanga ulipoingia wakati wa kupakia kamera. Roli ya milimita 8 ya zama hizo ilikuwa na upana wa milimita 16 na urefu wa futi 25: ilipita kwenye kamera mara mbili, nusu moja kwenda na nusu nyingine kurudi, kisha maabara ikaipasua katikati na kuziunga nusu mbili kuwa futi 50. Kwa hiyo katikati ya roli ya milimita 8 kuna mwako na kiungo cha maabara. Hapo ndipo mpiga picha alipofungua kamera kivulini, labda chini ya meza ya karamu, akageuza rili. Watu wanaotoweka ghafla mezani hawakuondoka, ila roli iligeuzwa.

Ukingoni mwa filamu ya Kodak kuna alama ndogo za duara, mraba, pembetatu au msalaba. Hizo ni za mwaka wa kutengenezwa na hujirudia kila baada ya miaka 20, kwa hiyo alama moja yaweza kusema 1927, 1947 au 1967. Uamuzi unatoka kwenye vitu vingine: upana, rangi, magauni, magari. Na ni mwaka wa kiwanda, sio wa tukio. Filamu iliweza kukaa dukani au kwenye droo mwaka mmoja au miwili.

Ndiyo maana fundi wa skana aelezwe mapema kwamba unataka fremu nzima pamoja na matundu na kingo, sio picha iliyokatwa mraba. Milimita 16 iskaniwe kwa angalau 2K, yaani nukta kama 2,000 kwa upana, na ikiwezekana zaidi. Fremu ya milimita 8 ina eneo dogo zaidi ya mara nne kuliko ya 16, hivyo usitarajie miujiza, lakini iskani vizuri vilevile. Kila fremu iwe faili au sehemu ya faili isiyobanwa kwa kupoteza: DPX, au FFV1 ndani ya Matroska. Kwa 2K, fremu moja ya DPX ni kama megabaiti 12.7, hivyo roli moja ya fremu 4,000 inakula karibu gigabaiti 51. Omba pia MP4 ndogo ya kuwaonyesha wazee. Faili kuu ziwe nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine.

Kasoro mbili za skana hutokea mara kwa mara, na zote zinaharibu utambuzi. Ya kwanza ni kasi. Filamu bubu za nyumbani zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, baadaye 18. Ikichezeshwa kwa 24, wazee wanatembea kama wanakimbia mvua, na mtu aliyemjua baba yake kwa mwendo wake hatamtambua. Mwendo wa mtu ni alama kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa pale uso ulipofifia. Mwambie fundi asilazimishe kasi: fremu zibaki kama zilivyo, kasi iwekwe wakati wa kuonyesha.

Ya pili ni kugeuka kushoto kwa kulia. Filamu ikipakiwa upande usio wake, picha inatoka kama kwenye kioo. Kwenye sherehe za watu wengine herufi za bango zingemshtua fundi. Hapa bango mara nyingi ni la Kiyidi, kwa herufi za Kiebrania zinazosomwa kutoka kulia, na fundi asiyezisoma hapati dalili yoyote. Tazama herufi bet (ב): mdomo wake hufunguka kushoto. Kama bango halionekani, tazama koti la mwanamume, ambalo ubavu wa kushoto hufunika wa kulia, au usukani wa gari, ambao Marekani upo kushoto.

Swali la wengi ni kwa nini karamu zimefifia wakati pikniki zinang'aa. Kodachrome ya mwanzo ilikuwa na wepesi wa kupokea mwanga wa takriban 10 tu kwa kipimo cha leo cha ISO, na ukumbi wa hoteli usiku ulikuwa giza totoro machoni pake. Mpiga picha alibeba taa kali za fotofladi, ambazo uhai wake ulikuwa wa saa chache, na miaka ya baadaye fito lenye taa nne lililofungwa kwenye kamera. Mwanga huo ulifika mita mbili au tatu. Aliye mbele anakuwa mweupe kama karatasi na anakunja macho, aliye nyuma yake hayupo. Kwa hiyo usiandike "waliohudhuria ni 40" kwa sababu umehesabu nyuso 40. Wanaoonekana ni waliokuwa karibu na taa: viongozi wa meza kuu na marafiki wa mwenye kamera. Picha rasmi ya karamu, ile ndefu iliyopigwa na studio ukumbi mzima ukitazama juu, ikipatikana kwa familia nyingine, ndiyo inayojaza giza hilo.

Vilevile kuna siku ambazo hazimo kabisa kwenye filamu. Mshika dini hawashi mtambo siku ya Sabato wala ya sikukuu, kwa hiyo usitafute sala ya Ijumaa usiku au karamu ya Pasaka yenyewe. Utaona maandalizi, au siku inayofuata. Mikusanyiko ya vyama ilifanyika sana Jumapili, kwa kuwa mafundi cherehani na wauza duka walikuwa huru. Ukikuta sala ya Sabato imepigwa picha, umejifunza kitu kuhusu chama hicho: kilikuwa cha wasoshalisti, au familia ilishalegeza.

Tuje kwenye usomaji wenyewe. Bango kwanza. Jina la chama huja na kiambishi cha mtu wa mji: Bialystoker, Minsker, Brisker. Jina ni la Kiyidi, na mara nyingi ramani haina jina hilo. Brisk ni Brest-Litovsk. Lemberg ni Lwów ya Wapoland na Lviv ya leo. Mezritsh inaweza kuwa Międzyrzec Podlaski ya Poland au mji wenye jina la kufanana ulio Ukraine. Usikate shauri kwa jina pekee. Pia mji mmoja uliweza kuwa na vyama vitatu New York, cha kwanza, cha vijana waliojitenga nacho na cha wanawake, na kila kimoja kina makaburi yake na karatasi zake.

Mwaka wa Kiebrania ukiwa kwenye bango au pazia la Torati, unasomeka kwa hesabu rahisi. Tav ni 400, resh 200, tsadi 90, khet 8: jumla 698. Ongeza 1240, unapata 1938. Mwaka huo wa Kiebrania ulianza Septemba 1937, kwa hiyo tukio la vuli lirudishe mwaka mmoja nyuma.

Ukosapo bango, tazama magari na bendera. Vibao vya magari vya jimbo la New York vya 1938, 1939 na 1940 viliandikwa tangazo la Maonyesho ya Dunia ya 1939. Bendera ya Marekani ilikuwa na nyota 48 hadi Julai 1959. Bendera ya bluu na nyeupe yenye Nyota ya Daudi haithibitishi kwamba ni baada ya 1948, kwani Wazayuni waliipeperusha miaka mingi kabla ya Israeli kuundwa.

Kitu kimoja kinastahili kukuzwa hadi kijaze skrini: utepe kifuani. Viongozi na wanachama walivaa beji ya utepe iliyoning'inia kwenye kipande cha chuma, upande mmoja rangi, mara nyingi nyekundu, bluu au nyeupe yenye maandishi ya dhahabu, na upande wa pili mweusi wenye maandishi ya fedha. Beji ileile iligeuzwa. Kwenye karamu rangi hutazama nje. Kwenye mazishi au kuzindua jiwe la kaburi, weusi hutazama nje. Ukiona watu wamevaa vizuri, wamesimama kwenye nyasi, na hujui kama ni pikniki au makaburi kwa sababu kamera haikuonyesha mawe, upande wa utepe unakupa jibu. Upana wa utepe na pindo lake vinaweza kumtofautisha mwenyekiti na mwanachama wa kawaida, lakini kila chama kilikuwa na mtindo wake. Linganisha na beji yenyewe kama imebaki.

Majina yanatoka kwenye karatasi. La kwanza ni jarida la kumbukumbu la karamu, ambalo chama kilichapisha kwenye miaka yake 10, 25 au 50: lina orodha ya viongozi, picha za pasipoti, na matangazo ya maduka ya wanachama. La pili ni lango la makaburi. Nenda au umtume mtu, apige picha majina yaliyochongwa, maana kamati ya ujenzi ya mwaka fulani imo humo yote. La tatu ni kitabu cha kumbukumbu cha mji, kilichotungwa na walionusurika baada ya vita, ambacho huwa na picha na orodha ya waliouawa. Maktaba ya Umma ya New York imeviweka vingi mtandaoni. Wanawake wana shida yao. Kwenye filamu wao ndio walio mbele, ndio waliopika na kuchangisha, lakini kwenye jarida wameandikwa kwa jina la mume tu. Tafuta cheti cha ndoa au jiwe la kaburi, ambalo kwa Kiebrania humtaja mtu kwa jina la baba yake.

Wazee wanaowajua wenzao bado wapo, lakini hesabu ni kali: mtoto wa miaka 8 kwenye pikniki ya 1955 alizaliwa 1947. Kikao cha utambuzi kinafanywa hivi. Toa picha 10 hadi 15 kutoka fremu ambazo kamera ilisita, kwa sababu kamera ikipita haraka kila fremu ina ukungu. Ukiweza, changanya fremu tano hadi nane zinazofuatana ili chembechembe zipungue. Programu za akili bandia zinazong'arisha uso usizitumie hapa kabisa. Hazifufui uso, hubuni uso, na mzee atamtambua mtu ambaye hakuwepo. Chapisha kila picha kwenye karatasi ya A4, weka karatasi ya pili yenye mistari ya vichwa na namba. Mpe kila mzee kikao chake peke yake, nusu saa, kabla ya kuwakusanya, kwa sababu mwenye sauti kubwa akisema "huyo ni Morris", wengine wote watamwona Morris. Onyesha kwanza filamu kwa kasi yake, kwenye skrini kubwa, bila kuuliza. Kisha uliza: huyu anakaa karibu na nani, nani alileta chakula, gari ni la nani. Andika nani alisema, alijuaje, na ana uhakika kiasi gani. Andika jina la Kiyidi, la Kimarekani na la utani, maana mtu mmoja ni Moyshe kwenye kitabu cha mji, Morris kwenye jarida, na kitu kingine mdomoni mwa majirani.

Mtu wa karibu awepo kikaoni. Baadhi ya rili zina sehemu iliyopigwa huko kwao kabla ya vita na mwanachama aliyerudi kutembea, na anayetazama anaweza kumwona ndugu aliyeuawa.

Sehemu kama hizo ndizo zilizothibitisha thamani ya kazi hii. Mwaka 1938 David Kurtz, mhamiaji wa New York, alipitia mji wa Nasielsk, Poland, akapiga kama dakika tatu, nyingine za rangi, watoto wakisukumana mbele ya kamera. Mji ulikuwa na Wayahudi wapatao 3,000. Walionusurika vita hawakufika 100. Mjukuu wake, Glenn Kurtz, aliikuta filamu Florida mwaka 2009, ikiwa imesinyaa na kushikamana. Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi ya Washington iliitengeneza na kuiweka mtandaoni. Familia haikuwa na uhakika hata ni mji gani, na mji ukapatikana kwa kulinganisha majengo. Kisha mwanamke mmoja akamtambua babu yake kati ya wavulana, na babu huyo, akiwa hai, akawataja wenzake kwa majina.

Ukitoa filamu kwa hifadhi, iwe YIVO, makumbusho hiyo ya Washington au Kituo cha Taifa cha Filamu za Kiyahudi kilichoko Chuo Kikuu cha Brandeis, usitoe kopo peke yake. Mkataba uandike nani ana haki ya picha, kama familia itapewa faili kuu au nakala ndogo tu, na kama asili itakaa kwenye baridi. Ikibaki nyumbani, ifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, iweke kwenye jokofu la nyuzi 4 hivi, na siku ya kuitoa iache ipate joto la chumba saa 24 kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utaifunika. Ikishaskaniwa isitupwe, skana za miaka ijayo zitaona zaidi ya hizi.

Pamoja na kopo, nje ya filamu, weka karatasi isiyo na asidi iliyoandikwa kwa penseli: nani alipiga, nani alirithi, chama gani, mahali, mwaka na umeujuaje, kisha orodha ya nyuso kwa namba zilezile za kikao. Wasiojulikana nao waandikwe: namba 14, mwanamume, kushoto kwa mwenyekiti, utepe wa rangi, hajatambuliwa. Kesho mtu atakuja na jarida la chama au albamu ya shangazi yake, na ataanzia kwenye namba hizo.